Sura ya Tano: Hesabu ya Mzigo

Chukua mtu mmoja mwenye nguvu zake, umtwishe kilo 25 za unga wa mahindi. Askari wanaousubiri unga huo wako mwendo wa siku kumi, na kurudi ni siku kumi nyingine. Njiani naye anakula, na kilo moja kwa siku si nyingi kwa mtu anayetembea na mzigo kutwa. Akifika, kilo kumi zimeshaingia tumboni mwake, na kumi nyingine hana budi kubaki nazo zimrudishe alikotoka. Anachokitua mlangoni pa bohari ya jeshi ni kilo tano.

Sasa weka askari elfu moja mwisho wa njia hiyo. Kila siku wanataka kilo elfu moja. Basi kila siku ya Mungu lazima wafike wapagazi 200, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku ishirini, wanahitajika wapagazi 4,000 kwa ajili ya ugali peke yake. Hapo hatujabeba risasi hata moja. Hatujabeba dawa, wala hema, wala mgonjwa. Tena tumejifanya kwamba mvua hainyeshi, unga hauoti ukungu, na hakuna anayeugua.

Kama askari hao wangekuwa siku tano tu kutoka stesheni, kila mpagazi angefikisha kilo 15, na watu 670 hivi wangetosha. Umbali umezidi mara mbili, watu wamezidi mara sita. Ukisogeza kambi hadi mwendo wa siku kumi na tatu, hesabu inakufa: mpagazi anaumaliza mzigo wote na bado hajafika kwao.

Majemadari hupenda kukumbukwa kwa ramani zenye mishale. Lakini vita iliyopiganwa Afrika Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918 iliamuliwa zaidi na hesabu hii kuliko na mishale yoyote. Sura hii inawahusu watu walioibeba: wapagazi, wapishi, wabeba machela, madresa waliofunga vidonda na makarani wa kikosi ambacho jina lake Waswahili waliligeuza wakaliita Kariakoo.

Reli inapokoma

Vita ilipoanza, ukanda huu ulikuwa na reli tatu za maana. Kwa Waingereza, reli ya Uganda ilitoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kwa Wajerumani, reli moja ilipanda kutoka Tanga hadi Moshi, na nyingine, Reli ya Kati, ilikatiza kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Nayo ilikuwa imekamilika mwanzoni mwa mwaka uleule wa 1914. Kusini ya Reli ya Kati, hadi Mto Ruvuma na Ziwa Nyasa, hapakuwa na chuma chochote. Palikuwa na misitu, mito inayofurika, na njia za miguu.

Kwa mwaka mzima na zaidi Waingereza walikwama mpakani. Jaribio lao la kuiteka Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, liliishia kwa aibu. Mambo yaligeuka Machi 1916, Jenerali Jan Smuts alipoingia kwa jeshi kubwa kupitia Kilimanjaro. Moshi ikaanguka, kisha Morogoro mwishoni mwa Agosti, kisha Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mtupu. Chini, kwenye udongo, jeshi lilikuwa limeikimbia mikate yake.

Smuts alitegemea farasi, nyumbu, punda na ng'ombe. Mbung'o hawakumsomea ramani. Ugonjwa wa nagana uliwamaliza wanyama wale kwa maelfu juu ya maelfu, mizoga ikaoza kando ya njia kutoka Pangani hadi Morogoro. Magari nayo, yaliyokuwa machache, yalizama katika matope mara mvua ilipofungua. Kila mnyama alipokufa na kila gari lilipokwama, mzigo ule ule ulibaki pale pale, ukingoja kichwa cha mtu.

Isidhaniwe kwamba upagazi ulikuwa kitu kigeni. Karne nzima kabla ya hapo, njia ya Tabora hadi Bagamoyo ilijaa misafara ya Wanyamwezi, na kazi ile ilikuwa ya heshima; kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa ametoka ujanani. Msafara ulikuwa na kirangozi wake aliyetangulia, wanyapara wake, nyimbo zake na sheria zake. Uzito wa mzigo ulipatanwa, ujira ulipatanwa, na chakula cha njiani, posho, kilipatanwa pia. Wapagazi wasiporidhika walitua mizigo na kukaa chini hadi mwenye mali alegee. Walijua vituo vya maji, walijua vijiji vya kununua mtama, na walisafiri kiangazi.

Vita ilichukua kazi hiyo hiyo ikaiondolea kila kilichoifanya ibebeke. Mtu aliyekamatwa Nyeri au Kisumu hakupatana uzito. Hakujua njia. Hakuchagua msimu. Na alipotua mzigo akakaa chini, hakukuwa na mapatano. Kulikuwa na kiboko.

Mtu mwenye daftari

Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliundwa Nairobi mara tu vita ilipoanza, na jina lake la Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Aliyekabidhiwa alikuwa Oscar Watkins, afisa wa utawala aliyekuwa amefanya kazi pwani na aliyekijua Kiswahili. Hakuwa mwanajeshi wa kazi. Alikuwa mtu wa faili, na kwa kikosi cha namna ile, faili lilikuwa na thamani kuliko upanga.

Mwanzoni watu wengine walikuja kwa hiari, kwa kuwa ujira ulivutia. Hiari haikudumu. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwatoa watu kwa nguvu, na ujira ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, kisha 6 kwa atakayevuka miezi mitatu. Machifu walipewa idadi ya vichwa vya kutoa. Kila chifu alijua namna ya kuitimiza: mtoto wa adui yake, mwana wa mjane asiye na mtetezi, kijana asiye na ng'ombe.

Watkins alilitazama kundi lile na kuona jambo ambalo majemadari hawakuliona. Watu elfu moja wasioandikwa hawawezi kulishwa sawasawa, hawawezi kulipwa, na wakifa hakuna wa kuwaambia kwao. Kwa hiyo aliandika. Kila mpagazi alipewa namba. Namba iligongwa kwenye kisahani cha madini kilichovaliwa shingoni, na alama ya kidole ikawekwa kwenye kumbukumbu. Karani alijaza jina, jina la baba, chifu, wilaya. Mwaka 1916 kikosi kilipanuliwa kikawa idara ya kazi za kijeshi, na Nairobi ikawa na jumba la kadi na madaftari ambalo halijawahi kuonekana upande huu wa Afrika.

Lakini daftari lilikuwa na tundu kubwa. Karani aliandika alivyosikia. Jina la Kijaluo lililopitia sikio la karani wa pwani na kalamu ya bwana wa Kiingereza lilitoka likiwa jina la mtu mwingine. Wako waliotoa majina ya uongo kwa makusudi, kwa matumaini ya kutoroka. Tena watu hawakukaa walikoandikwa. Kundi lilipelekwa mstari wa mbele, likagawanywa, likakopeshwa kwa kikosi kingine, likaunganishwa na mabaki ya kundi jingine. Kisahani kikikatika kamba na kuanguka mtoni, namba ilianguka nacho.

Ndani ya namba hizo zilikuwemo kazi nyingi. Wako waliobeba vipande vya bunduki za rashasha nyuma ya askari, wakaingia nazo moja kwa moja kwenye risasi. Hao baadaye walipewa sare na mafunzo. Wako waliobeba maji, waliokata kuni, waliojenga madaraja, waliochunga ng'ombe wa nyama, waliopika, waliokuwa matarishi, waliobeba machela. Jeshi la bunduki moja lilihitaji nyuma yake kijiji kizima cha watu wasio na bunduki.

Posho

Ukimuuliza askari nini kilichoua watu katika vita ile, atasema risasi. Daktari angesema chakula.

Jeshi linapenda chakula cha aina moja, kwa sababu ni rahisi kukinunua, kukipima na kukipakia. Unga wa mahindi ulikidhi yote hayo. Tatizo ni kwamba waliokula hawakuwa wa aina moja. Mganda aliyekulia ndizi, mtu wa bonde aliyezoea mtama na maziwa, mtu wa pwani aliyezoea wali na samaki, wote walipimiwa unga ule ule uliosagwa kwa kuparuza. Tumbo halifundishwi kwa amri.

Na unga ulipikwa vipi? Kundi lilifika kambini jua limezama, mvua inanyesha, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi. Mtu aliyetembea tangu alfajiri hangoji ugali uive. Alikoroga, akaumeza ukiwa mbichi, akalala. Unga ule ulilikwaruza tumbo, ukafungua njia kwa kuhara, na kuhara kukageuka kuhara damu. Maji ya kunywa yalitoka kwenye mto ule ule ambao maelfu ya waliotangulia walikuwa wamejisaidia kando yake.

Kuhara damu ndiko kulikoongoza katika kuua. Nyuma yake ilifuata malaria, kisha homa ya mapafu, hasa kwa watu wa nchi za joto waliopandishwa milimani na blanketi moja. Funza waliingia miguuni, na mpagazi asiye na miguu hana kazi. Magonjwa haya yalisaidiana: mwenye njaa anashikwa upesi na homa, mwenye homa hali, asiyekula hubaki nyuma ya msafara, na aliyebaki nyuma hakuti posho kituoni.

Turudi kwenye hesabu yetu. Bohari ikiishiwa mbele, jambo la kwanza ambalo afisa hufanya ni kupunguza posho ya mpagazi ili askari apate. Lakini mpagazi ndiye gari lenyewe. Ukimpunguzia chakula anabeba kidogo zaidi, anachelewa zaidi, anaugua zaidi, na kesho chakula kinachofika mbele kinapungua tena. Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda bonde la Rufiji mwanzoni mwa 1917, masika yalipoifanya nchi nzima kuwa ziwa. Askari waliotoka Nigeria walikaa na njaa kando ya mto, na nyuma yao wapagazi walianguka wakitembea ndani ya maji ili kuwafikishia robo ya kilichohitajika.

Watkins na baadhi ya madaktari walipiga kelele. Walidai sufuria za kutosha, walidai wapishi maalumu kwenye vituo ili msafara ukifika ukute chakula kimeiva, walidai maharage na mchele pamoja na unga, walidai blanketi na mapumziko. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji sayansi mpya. Kirangozi yeyote wa njia ya Tabora angewaambia. Yalipotekelezwa, kwa kuchelewa na kwa sehemu, vifo vilipungua. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliopanga vita waliuona mzigo huu kuwa wa mwenzio.

Machela na dresa

Mgonjwa katika nchi isiyo na barabara ni mzigo mzito kuliko wote. Gunia likichosha unalitua. Majeruhi hatuliwi hovyo. Machela moja ilitaka watu wanne wabebe na wengine wanne wapokezane nao, na watu hao wanane nao walikula. Kutoka mstari wa mbele, majeruhi alipitia kituo hadi kituo, kila kimoja kikiwa kibanda cha makuti na daktari mmoja aliyeelemewa, hadi afike relini au pwani, Kilwa au Lindi, apakiwe melini. Safari ile ingeweza kuchukua majuma. Wengi walitiwa kwenye machela wakiwa na jeraha wakashushwa wakiwa na kuhara damu.

Mpagazi aliyeugua alikuwa na bahati mbaya zaidi. Mpango wa matibabu ulikuwa umepimwa kwa kipimo cha askari, na hospitali za wapagazi zilifunguliwa kwa kuchelewa, zikajaa siku ile ile. Madaktari walikuwa wachache mno, na wengi wao hawakuweza kumuuliza mgonjwa pa kumuuma.

Jibu moja lilitoka Uganda, na linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1917, daktari wa jeshi Meja G. J. Keane aliongoza kuundwa kwa kikosi cha tiba cha Waafrika. Kilichota vijana waliosoma shule za misheni, wakiwemo wa King's College Budo, watoto wa watu wenye nafasi ambao kabla ya hapo hawakutarajiwa kumwosha mgonjwa wa kabila jingine. Walifundishwa kufunga vidonda, kugawa dawa, kuangalia wodi na kuweka kumbukumbu. Wakapelekwa kwenye hospitali za wapagazi.

Walichokileta hakikuwa ujuzi wa mikono pekee. Dresa aliyejua Kiswahili na Kiganda aliweza kumsikiliza mgonjwa. Aliweza kuandika jina lake vizuri. Aliweza kutambua kwamba mtu anayekataa ugali hakatai kupona, bali tumbo lake halijawahi kuuona. Kwa mara ya kwanza katika vita ile, kati ya daktari na mpagazi palikuwa na mtu aliyewaelewa wote wawili. Baada ya vita Keane alirudi Kampala kufanya kazi Mulago, na hoja kwamba Mwafrika anaweza kufundishwa utabibu haikuwa tena nadharia ya mtu. Maelfu ya wagonjwa walikuwa wameshaithibitisha.

Upande wa pili

Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani, alikuwa na tatizo lile lile, ila alilitatua kwa namna nyingine. Hakuwa na reli wala meli za kutegemea baada ya 1916, kwa hiyo hakujaribu kulisha jeshi kutoka nyuma. Alikwenda chakula kilipo. Askari wake walikula walichokikuta shambani, wakaondoka, wakawaachia wenyeji mabua.

Kwa dawa, walionyesha werevu wa kweli. Taasisi ya Amani katika milima ya Usambara ilikuwa na miti ya kwinini, na magome yake yalichemshwa yakatoa dawa ya malaria. Baadaye, walipokuwa mafichoni, walichemsha magome wenyewe wakapata maji machungu kiasi kwamba askari waliyabatiza kwa utani jina la jenerali wao kama pombe yake. Novemba 1917 Berlin ilijaribu kupeleka risasi na dawa kwa chombo cha angani, L 59, kilichopaa kutoka Bulgaria kikavuka Misri; kilipofika karibu na Khartoum kiliamriwa kirudi. Mwezi ule ule Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akajipatia kwa Wareno chakula na silaha alizokuwa akingoja kutoka mbinguni.

Wapagazi wake walitembea hadi mwisho pamoja naye, na wake zao na watoto wao wengi pia. Walichukuliwa kijiji kwa kijiji, wakaachwa njiani walipochoka. Upande huu hapakuwa na daftari la kuwa na matundu. Alipojisalimisha Abercorn, Rhodesia ya Kaskazini, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza, hakuna aliyeweza kusema wangapi walianza naye safari.

Mwaka wa kukamatwa

Mapema 1917 Smuts aliondoka, akatangaza kwamba kazi imebaki ndogo. Aliyempokea, Jenerali Hoskins, akaliangalia jeshi, akapiga hesabu ile ile tuliyoanza nayo, akaomba wapagazi 160,000 zaidi. Kambi sasa zilikuwa kusini ya reli, na kila siku moja ya mwendo iliyoongezeka iliwazidisha watu kama tulivyoona.

John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, alipewa kazi ya kuwapata. Katika miezi michache alikusanya zaidi ya laki moja kutoka Kenya. Ulikuwa msako. Watu walitolewa vitandani usiku, sokoni, njiani. Wengi walipofikishwa mbele ya daktari walikataliwa kwa udhaifu, jambo linaloonyesha kwamba vijana wenye afya walikuwa wamekwisha. Huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wapagazi waliitwa tenga-tenga. Kongo ya Wabelgiji ilitoa zaidi ya laki mbili. Walitoka Sierra Leone, walitoka Nigeria. Visiwa vya Shelisheli vilipeleka watu karibu 800 hadi Kilwa mwishoni mwa 1916. Katika miezi michache zaidi ya 200 walikuwa wamekufa, na waliosalia wakarudishwa kwao.

Mzigo haukumwangukia aliyebeba peke yake. Dodoma ilikuwa stesheni iliyolisha mapigano ya Iringa. Nafaka ya Wagogo ilichukuliwa, ng'ombe wao wakachukuliwa, vijana wao wakachukuliwa, kwanza na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, kisha na Waingereza walipokuwa wakisonga mbele. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba wala mikono. Njaa iliyoanza mwishoni mwa 1917 ikaendelea hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, yaani kugombania na kupora. Wakati huo huo, mafua makali ya 1918 yalifuata reli na njia za wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Waliokuwa wameponea vitani waliyabeba hadi milangoni pa mama zao.

Daftari lisilofungwa

Wanahistoria wakijumlisha pande zote zilizoichotea Uingereza, wanapata wapagazi zaidi ya milioni moja. Waliokufa ni laki moja hivi, na wengi wanaamini walizidi hapo. Askari wapiganaji wa upande huo waliokufa kwa sababu zote ni elfu kumi na kidogo. Gawanya mwenyewe: kwa kila mwenye bunduki aliyezikwa, walizikwa au kuachwa njiani karibu watu kumi wasio na bunduki.

Vita ilipokwisha, daftari la Watkins liligeuka shahidi. Maelfu ya wapagazi walikuwa wanadai ujira. Waliokuwa hai walilipwa, kwa taabu. Waliokufa, na wale ambao namba zao hazikupata mwenyewe, fedha zao zilibaki. Serikali za Kenya na Tanganyika ziliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, kama jamaa hawapatikani. Hazina ya London ikakataa. Hoja ilikuwa safi kama hoja zote za kihasibu: deni lisilo na mdai si deni. Baadaye afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni aliandika, bila kuficha, kwamba kilichoizuia habari hii isiwe kashfa ni kuwa walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anawajali wapagazi.

Lakini sehemu moja ya daftari haikutupwa. Namba, jina la chifu na alama ya kidole vilikuwa vimethibitika kuwa chombo kizuri cha kumjua Mwafrika alipo. Kuanzia 1919 na 1920 serikali ya Kenya ilitekeleza sheria ya kuandikisha kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na kuendelea, na kumvisha shingoni karatasi ndani ya kikasha cha madini. Kipande, kama kilivyoitwa, kiliwasumbua watu hadi 1947. Mtetezi wa haki za Waafrika, Harry Thuku, alipokamatwa Machi 1922 na watu kuuawa kwa risasi mjini Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu. Chombo kilichoshindwa kumtafuta marehemu alipwe hakikushindwa kumtafuta aliye hai afanye kazi.

Makaburi nayo yaliamuliwa ofisini. Wazungu wangepata mawe yenye majina. Kwa wapagazi ilionekana yatosha kuweka sanamu katika miji mikubwa, na maeneo walikozikwa yarudi kuwa pori. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927 mahali palipokuwa na ya Mjerumani Wissmann, ni askari mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake, katika lugha tatu kikiwemo Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina hilo halikuandikwa popote. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kilichobaki midomoni mwa watu ni jina la kikosi. Dar es Salaam, kambi ya wapagazi ilikuwa katika jengo ambalo Wajerumani walilijenga kwa matumizi mengine, na mwaka 1923 jengo likawa soko. Nairobi nayo ina Kariokor yake. Kila siku watu huingia Kariakoo, wakavuka kati ya mikokoteni na vijana waliojitwisha marobota ya nguo, na hakuna anayesimama kuuliza neno hilo linatoka wapi.

Tulianza na mtu mwenye kilo 25 za unga. Katika vitabu vya bohari, mwisho wa safari yake paliandikwa kilo tano, kwa kuwa ndizo zilizopokelewa. Zile ishirini zilizomfikisha na kumrudisha hazikuwa na safu yake kwenye kitabu. Historia ya vita ile imeandikwa kwa kalamu ya yule karani wa bohari: imehesabu kilichofika.